Nilikoifuata merikani: siku tano Salem na Lowell

Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Bagamoyo, alikuwa na kasha ambalo sisi wajukuu hatukuruhusiwa kulifungua. Chini kabisa, chini ya kanga zake, aliweka kipande cha nguo isiyopaushwa, nzito kidogo, yenye rangi ya maziwa yaliyolala. Aliiita merikani. Ilikuwa sanda yake, na alitwambia mapema ili asije mtu akaishonea foronya. Mama yangu naye alifuma nguo kiwandani Dar es Salaam kwa miaka 19. Mimi nauza vitambaa Kariakoo. Neno merikani nimelitamka maisha yangu yote kama ninavyotamka bafta na kaniki, bila kujiuliza hata siku moja ni mikono ya nani iliyoifuma.

Septemba iliyopita mtoto wa dada yangu, anayesoma Boston, aliniita nikamtembelee. Nikaona hapo hapo kuwa ndiyo nafasi yangu ya kuifuata merikani ilikotoka, Marekani. Haya nimeyaandika baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari langu, risiti nilizozihifadhi na picha za simu.

Alhamisi, 11 Septemba. Dar es Salaam – Boston

Safari ndefu ya ndege mbili, na mimi sikulala. Nilifika, sanduku langu halikufika. Kwenye dawati la mizigo wakanipa karatasi na kuniambia nisubiri simu. Ndani ya sanduku kulikuwa na masweta yote niliyoyanunua mtumbani kwa ajili ya baridi ya huko. Nilibaki na gauni nililovaa, pochi, na doti moja ya kanga niliyojifunika nayo ndegeni.

Kwa atakayekwenda: weka nguo ya baridi kwenye mzigo wa mkononi. Septemba mchana jua lipo, ila asubuhi na jioni upepo unauma.

Ijumaa, 12 Septemba. Salem

Treni ya Salem inaondokea stesheni ya North Station, mwendo wa nusu saa hivi, dola 8 kwenda na dola 8 kurudi. Watu wengi hushuka pale kwa sababu ya habari za wachawi walionyongwa mwaka 1692, na nimeambiwa Oktoba mji hufurika hata pa kupita hakuna. Mimi nilishuka nikaulizia bandari.

Gati la Derby linaingia baharini karibu nusu maili, na mwisho wake kuna mnara mdogo mweupe wa taa. Hakuna kiingilio. Nilitembea hadi mwisho, kanga mbili mabegani, nikakaa kwenye jiwe. Meli za mji huu zilianza kuja Unguja miaka ya 1820. Septemba 1833 Sayyid Said, sultani wa Maskati na Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Wamarekani huko Maskati, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa hapa hapa Salem, akafika Unguja kuwa konseli wa kwanza wa nchi yake. Walichukua kwetu pembe za ndovu, karafuu, ngozi na sandarusi. Sandarusi ile iliyochimbwa Mrima ilisafishwa Salem kwenye karakana, ikaenda kutengenezea vanishi ya kung'arishia samani za watu. Na walicholeta, zaidi ya kitu kingine chochote, kilikuwa nguo.

Ndiyo merikani yenyewe. Kutoka Unguja ilivuka hadi Bagamoyo, ikafungwa mizigo, ikapanda mabegani mwa wapagazi kwenda Tabora na Ujiji. Huko bara ilikuwa fedha: posho ya mpagazi, hongo ya mtemi, bei ya chakula njiani. Ilipimwa kwa mkono, kwa shuka, kwa doti, kwa jora. Doti naitamka kila siku dukani kwangu.

Mchana niliingia kwenye makumbusho ya Peabody Essex. Kiingilio ni zaidi ya dola 20, ujiandae. Ndani yake lipo jumba la zamani la chama cha mabaharia, lililofunguliwa mwaka 1825. Chama kilianzishwa 1799, na hakikumpokea mtu isipokuwa nahodha au msimamizi wa shehena aliyewahi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Ni jumba zuri, dari juu, madirisha marefu. Nilisimama katikati yake nikiwafikiria manahodha waliokuja kwetu, na nikahisi nimefika nusu ya njia tu. Hawa waliibeba. Hawakuifuma.

Mzee mmoja mhudumu aliniona nimeganda. Nilipomweleza nilichofuata, alinitolea ramani mfukoni, akazungushia kalamu jina la mji ulioko bara, kaskazini magharibi: Lowell. Akaniambia Salem nao walijenga kiwanda chao cha nguo, Naumkeag, kilichoanza kazi 1847 kwa nguvu ya mvuke, lakini kama nataka kujua habari za wasichana waliofuma nguo hizo viwandani, niende Lowell. Alikataa niirudishe ile ramani.

Chakula: supu nzito ya kombe na viazi ndani ya maziwa, dola 11, inashibisha.

Jumamosi, 13 Septemba. Kwenda Lowell

Kwa atakayekwenda: nenda mwishoni mwa wiki. Tiketi ya Jumamosi na Jumapili ni dola 10 kwa siku zote mbili, safari zote. Siku za kazi utalipa dola 10 kwa upande mmoja.

Treni ilitakiwa kutumia kama dakika 45. Kati ya njia tukashushwa, reli inatengenezwa, tukapakiwa mabasi. Tulisubiri saa nzima na nusu kando ya barabara. Pembeni yangu alisimama mama mmoja mwenye sare ya hospitali, macho mekundu kwa kukesha. Akaiangalia kanga yangu, akaisoma maandishi yake kwa sauti ndogo, kisha akaniuliza, "Mama, umetoka pwani?"

Alikuwa Mkenya, mtu wa Kisii, muuguzi wa zamu ya usiku. Lowell ina Wakenya wengi kweli kweli, mimi sikujua. Alifungua begi lake, akatoa sweta, akanivisha mwenyewe kama anavyovishwa mtoto. Nilikataa, akasema, "Wewe ni mgeni wangu, usibishane na mimi nimetoka kazini." Tulipofika alinipeleka kwa gari lake hadi mlangoni mwa makumbusho, ingawa kitanda kilikuwa kinamwita, na akaniachia namba: kesho chakula cha mchana kwake.

Mlango huo ni wa kiwanda cha Boott, kilichoanzishwa 1835. Matofali mekundu, ghorofa juu ya ghorofa, mnara wa kengele katikati ya ua. Kengele ile ndiyo iliyokuwa saa ya mji mzima. Iliwaamsha alfajiri saa kumi na nusu, ikawaingiza, ikawatoa kula, ikawarudisha. Kwa wastani wanawake wa hapa walifanya kazi saa 73 kwa wiki.

Nililipa dola 6. Walinipa vizibo vya masikio, nikashuka kwenye ukumbi wa kufumia. Zimepangwa mashine 88 za kufuma, za mwanzoni mwa karne ya 20, nazo ni nzima. Siku hiyo walikuwa wamewasha chache tu. Chache hizo zilitosha. Sauti ilinipanda kupitia nyayo kabla ya kufika masikioni, sakafu ya mbao ikitetemeka hata maji kwenye chupa yangu yakawa yanacheza. Nilitoa kizibo kimoja makusudi. Nilivumilia kama dakika moja, kisha nikakirudisha.

Nyumbani kwetu Mama huongea kwa sauti ya juu hata usiku wa manane, na tangu utoto hatukuweza kunong'onezana mbele yake, kwa sababu anasoma midomo. Tulidhani ni ujanja wake wa mama. Pale, katikati ya zile mashine, nilimwona kijana wa makumbusho akimuuliza jambo mwenzake aliye upande wa pili wa ukumbi: hakutoa sauti, alifungua mdomo tu, polepole, na mwenzake akamjibu vivyo hivyo. Nililia. Sina haya kuliandika.

Mashine zilipozimwa, kijana yule alinikabidhi chombo kinachopitisha uzi wa mshindio, ule wa upana, kati ya nyuzi za mtande, zile za urefu. Kina umbo la mtumbwi mdogo, mbao iliyolainika kwa kushikwa, ncha za chuma pande zote mbili. Ubavuni kina tundu dogo. Uzi ulipoisha, mfumaji aliweka bobini mpya ndani, akabana mdomo kwenye lile tundu, akavuta pumzi hadi ncha ya uzi itokeze. Pamoja na uzi aliingiza vumbi la pamba, na mate ya aliyekitumia kabla yake. Mara nyingi kwa siku, mwaka baada ya mwaka. Kiliitwa busu la mauti, maana iliaminika kifua kikuu kilipita pale. Madirisha nayo yalifungwa kiangazi na masika ili hewa ibaki na unyevu. Uzi wa pamba ukikauka hukatika. Hilo sikuhitaji kuelezwa, Mama hulisema kila akiona mtu anashona karibu na jiko.

Hatua chache kutoka hapo limehifadhiwa bweni walilokaa. Meza ndefu ya chakula, vitanda walivyolala wawili wawili, masanduku yao chini. Wengi walikuwa mabinti wa wakulima wa New England, walioacha mashamba yenye mawe kuja kupata fedha taslimu. Mama mwenye bweni aliwalisha, akafunga mlango saa nne usiku, na kanisani ilikuwa lazima kwenda. Dola 1.25 kwa wiki zilikatwa kwenye ujira wao kwa ajili ya chakula na malazi. Vitabu havikuruhusiwa kazini, na wapo waliobandika kurasa za mashairi karibu na dirisha ili wasome wakiangalia nyuzi. Kuanzia 1840 hadi 1845 walikuwa na jarida lao, Lowell Offering, lililoandikwa na wao wenyewe.

Nilikaa muda mrefu pale, zaidi kwa ajili ya mmoja wao, Harriet Hanson. Aliingia kiwandani na miaka 10, kazi yake kuondoa bobini zilizojaa na kuweka tupu. Mama yake alikuwa mjane mwenye kuendesha bweni. Februari 1834 kampuni zilitangaza kupunguza ujira, na wanawake kama 800 wakatoka nje wakaandamana. Walijiita mabinti wa watu huru. Walishindwa. Oktoba 1836 bei ya bweni ikapandishwa, safari hii wakatoka wengi zaidi. Harriet alikuwa na miaka 11. Uzeeni alisimulia mwenyewe: wakubwa kwenye chumba chake walisitasita wakiulizana, yeye akasema atatoka, afuatwe asifuatwe. Akaanza kutembea, na alipogeuka akawaona wote nyuma yake. Kwa sababu hiyo mama yake alinyang'anywa bweni.

Nikahesabu kwa vidole. Mkataba wa Maskati ni Septemba 1833. Wanawake wa Lowell wametoka nje Februari 1834. Miezi mitano. Wakati milango ya Unguja inafunguliwa rasmi kwa merikani, wafumaji walikuwa barabarani wakidai ujira wao usikatwe. Shuleni nilifundishwa la kwanza peke yake.

Dukani wanauza taulo za jikoni zilizofumwa na zile zile mashine za ukumbini. Nilinunua moja. Nililala Boston, basi la kurudi halikuchelewa.

Jumapili, 14 Septemba. Lowell tena

Ugali, sukuma wiki, kuku wa kukaanga, na maziwa ya mala. Tulikuwa watu kumi na wawili mezani kwa yule dada muuguzi, wengi wao watu wa kazi za hospitali na nyumba za wazee. Nilipowaeleza saa 73 kwa wiki, mama mmoja mtu mzima alisema zake ni 60 na zaidi, anafanya sehemu mbili. Hawakulisema kwa kulalamika. Walitaka kujua hao wasichana walipumzika siku gani. Jumapili, niliwaambia, baada ya kanisa.

Jioni mume wake alinipeleka maporomoko ya Pawtucket, kwenye mto Merrimack. Maji yanashuka kama mita 10. Kushuka huko ndiko kulikouzaa mji: wenye mtaji wa Boston walifika miaka ya 1820 mwanzoni, wakageuza mto uingie kwenye mifereji, jumla kama kilomita 9, iliyochimbwa kwa mikono ya vibarua wa Kiayalandi, na maji yakazungusha magurudumu, magurudumu yakavuta mikanda, mikanda ikaendesha mashine ghorofa zote. Njia ya kutembea kando ya mifereji ni bure na imetunzwa vizuri. Vaa viatu vya kufunga.

Pamba yenyewe haikuota huko. Ilitoka kusini mwa Marekani, imechumwa na watumwa. Na Lowell walifuma pia nguo nene za bei ya chini zilizorudi kusini kuvalishwa watumwa hao hao. Wapo wanawake wa viwandani waliotia saini maombi ya kupinga utumwa, na jambo hilo liwekwe kwenye hesabu yao. Lakini niliposimama pale juu ya daraja nilikuwa nafikiria njia ya Bagamoyo. Misafara iliyopeleka merikani bara ilirudi na pembe, na mara nyingi na watu waliofungwa minyororo. Karafuu zilizojaza meli za Salem zilichumwa na watumwa Unguja na Pemba. Basi ule uzi ulianza kwenye mkono wa mtumwa, na ulipofika kwetu ukaingia tena kwenye biashara iliyomshika mtumwa. Kati yake ndipo walipo wale wasichana, wakivuta uzi kwa midomo. Bibi alifunikwa na neno zito kuliko alivyojua.

Jumatatu, 15 Septemba. Makaburini, halafu simu

Sanduku lilipatikana asubuhi. Nilivaa sweta langu, la yule dada nikalifua nikalikunja.

Siku za wiki treni ya dola 10. Kutoka stesheni ya Lowell hadi katikati ya mji ni kama robo saa kwa miguu. Nikala supu ya tambi kwenye mgahawa wa Wakambodia, dola 14, wanayo jamii kubwa sana hapo, na ni chakula kizuri kuliko vyote nilivyonunua safari nzima. Kisha nikaita teksi hadi makaburi ya Lowell.

Nilimtafuta Louisa Wells, mfanyakazi wa kiwandani aliyefariki 1886. Aliacha akiba yake ijenge kaburi lake. Ndugu walipinga wosia, mambo yakachukua miaka, lakini sanamu ipo: mwanamke ameketi, na maandishi yanasema kwamba kutoka nyuzi za kazi zake za kila siku alifuma maisha yenye manufaa. Nilikaa naye kama saa moja. Nilimsomea dua, sijui dini yake ilisemaje.

Hapo hapo nikampigia Mama. Nikamsimulia yote, naye akinisikiliza kwa spika, majirani nao wakisikia. Nilimweleza habari za Sarah Bagley, aliyewaongoza wanawake wa Lowell kudai siku ya kazi ya saa kumi, wakakusanya saini zaidi ya 2,000, na Februari 1845 akasimama mbele ya kamati ya bunge la Massachusetts kutoa ushahidi. Kamati ikakataa. Sheria ya saa kumi kwa wanawake wa jimbo lile ilikuja 1874. Mama akakaa kimya, kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyeniuliza safari nzima:

"Walilipwa kwa siku au kwa kipande?"

Kwa kipande, wale wa kufuma, nilimwambia. Na mwanzoni mtu alisimamia mashine mbili, miaka ya 1840 wakaongezwa tatu, wengine nne, na bei ya kipande ikashushwa.

"Aha," akasema Mama. "Basi wametufundisha wao." Akaniuliza kama nimekula.

Nyumbani

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza 1861, pamba ilikatika na merikani ikawa adimu pwani. Waingereza na kisha viwanda vya Bombay wakashika soko. Jina likabaki kwa nguo yoyote ya namna ile, hata iliyotoka kwingine. Kwa hiyo sanda ya Bibi siwezi kusema ilifumwa wapi.

Ile taulo nilimpa Mama siku niliyofika. Hakuisifia. Aliipeleka mlangoni penye mwanga, akaikunjua, akaivuta kwa pembe, akapitisha ukucha kando ya mtande akihesabu kwa midomo. Karibu na pindo akasimama. Akanishika kidole, akakiweka pale. Kulikuwa na kivimbe kidogo kama punje ya mtama.

"Hapa uzi ulikatika," alisema kwa ile sauti yake ya juu. "Mtu akaunga."